Bwana Msafiri na Nasaha Zake
Ibn Battuta wa Tangier, aliyelala Mombasa usiku mmoja tu katika mwaka 1331 kisha akashika njia ya Kilwa, alituachia habari za misikiti ya mbao, ndizi na samaki. Ama huyu msafiri wetu wa zama hizi, ambaye mwezi haumpiti asipande ndege ya Dubai, ukimwuliza ya huko atokako, atakufafanulia kwa tafsili kiti kilicho bora, kilo zinazoruhusiwa, na jinsi ya kuvaa makoti mawili, moja juu ya jingine, ili mizani isiyaone. Forodhani ya Unguja, penye pweza wa kuchoma na maji ya miwa, aisifu kwa kuwa hoteli ya jirani ina intaneti ya kasi. Lamu, hasha, haendi tena: punda, asema, hawana ratiba.