Malori Yasiyo na Mzigo

Kuna watu duniani wana lori na hawana mzigo. Mfyuu!

Habari hii imeletwa kijiweni na dogo wa bodaboda, ambaye tangu asubuhi hajapata abiria na kwa hiyo anajua yote yanayotokea Texas. Kaegesha pikipiki kivulini, kaegemeza simu kwenye ukingo wa meza ya drafti, na sote tukakodoa macho: ranchi pana, nyasi kavu mpaka jicho linapochoka, kinu cha upepo cha kuvuta maji ya ng'ombe, na chini yake pikapu na malori ya miaka ya 1940 na 1950 yameegeshwa shaghalabaghala. Boneti zote ziko wazi, utadhani yameharibika kwa mpigo mmoja. Wenyewe ni wazee wa kofia pana na matumbo ya kuridhisha. Wanazunguka, wanachungulia injini ya mwenzao, wanatikisa kichwa, wanahamia ya jirani. Nyama inachomwa pembeni. Milango ya nyuma ya pikapu imeshushwa ikawa meza, juu yake kumejaa kabureta, taa na vitasa, na watu wanabadilishana. Hakuna tiketi, hakuna kombe, hakuna mgeni rasmi. Hapo ndipo nilipoamini kwamba ni ugenini kweli, maana kwetu wakikusanyika watu ishirini na spika moja, lazima atafutwe mgeni rasmi, na lazima achelewe.

"Hilo la kijani limebeba nini?" akauliza mzee wetu, utingo mstaafu, ambaye hatazami gari bila kutazama mzigo.

"Limebeba mbwa, babu."

"Anapelekwa wapi?"

"Haendi popote. Amekaa tu."

Mzee akasonya msonyo mrefu, ule unaoanzia kwenye gego la mwisho. Mtu ana gari la kazi, analiosha, analipaka rangi, anachoma mafuta kulipeleka porini, halafu anapakia mbwa! Muuza kahawa akaacha kumimina. Fundi pampu peke yake ndiye hakusonya. Alikuwa ameinama juu ya simu, anaitazama injini.

Nami nikajitia kuwatetea Wamarekani, ingawa hawakunituma. Nikasema, jamani, hayo magari hayakuzaliwa yakipakia mbwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, viwanda vya Marekani vilisimamisha magari ya raia vikageukia ya jeshi. Vita ilipokwisha, mkulima alikuwa na gari lililochakaa, na pesa mkononi. Dodge wakalichukua lori lao la kijeshi, wakalitoa kwa raia mwaka 1946 kwa jina la Power Wagon, mnyama wa magurudumu manne yanayovuta yote. Chevrolet wakatoa umbo jipya mwaka 1947, lile lenye pua ya mviringo. Ford wakafuata na F-Series mwaka 1948, na ukoo huo unatengenezwa mpaka leo. Ranchi ndiko yalikofanyia kazi: kubeba majani ya ng'ombe, nguzo za uzio, ndama mgonjwa. Kwa hiyo wakiyarudisha ranchini, wanayarudisha kwao.

"Sawa," akasema utingo, "lakini yamerudi mikono mitupu."

Fundi pampu akainua kichwa. Huyu bwana haongei sana, ila akiongea muuza kahawa hupunguza bei. Akasema injini hiyo ya Chevrolet, ya silinda sita, ni ya aina ambayo dogo hajawahi kuiona: konrodi zake zina vijiko vidogo kwa chini, kila zikishuka vinapiga oili na kujirushia. Haikupenda mwendo wa kasi. Ukiikimbiza barabara kuu kutwa nzima, unaua beringi. Ni injini ya kwenda zizini na kurudi. "Ndiyo maana imefika leo," akasema. "Ilifanya kazi iliyoiweza." Kisha akaongeza la pili, na hili ndilo lililotuamsha. "Na uso huo ninaujua. Huyo ni shangazi yake Bedford."

Dogo akacheka. Asicheke. Kampuni ya General Motors, mwenye Chevrolet, iliinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925. Ikawa inaunganisha malori ya Chevrolet hukohuko Uingereza, na mwaka 1931 likatoka lori la Kiingereza kutoka tumbo hilohilo, likaitwa Bedford. Kwa hiyo yule mzee wa Texas anayepangusa bampa kwa leso na marehemu tajiri wa mtaa wetu aliyekuwa na Bedford ya kubebea mkaa ni shemeji. Tofauti yao ni moja: Bedford ya tajiri haijawahi kupanguswa.

Hapa mazungumzo yakapinda, kama ilivyo desturi ya kijiwe, yakaingia kwenye kuku. Naomba mnivumilie, kuku anahusika. Dogo aliuliza kwa nini kwenye ranchi yote ile hakuna hata Hilux moja. Mwanangu, Hilux hii inayotubeba kutoka harusini mpaka makaburini haiuzwi Marekani. Na ukitaka kujua jinsi pikapu za nje zilivyofungiwa mlango, anza na kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulaya Magharibi, Ufaransa na Ujerumani Magharibi wakiwamo, ilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani, maana walikuwa rahisi mno, wanawaua wafugaji wa kule. Marekani nayo ikakasirika. Kuanzia mwaka 1964, enzi ya Rais Johnson, ikaweka ushuru wa asilimia 25 juu ya brandi, wanga wa viazi, deksitrini na malori madogo, hasa kuwakomoa Volkswagen. Ushuru wa vingine ulikuja kuondolewa. Wa malori madogo upo mpaka leo. Kuku walikwishaliwa, ugomvi umebaki kwenye pikapu.

"Kumbe!" akasema muuza kahawa, ambaye kwake anafuga kuku wa kisasa, na tangu hapo amekuwa mtu wa kujisikia.

Lakini mfyuu ya pili ni hii. Marekani gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao halipiti forodhani kirahisi, mpaka litimize miaka 25. Likitimiza, karibu, wewe sasa ni wa kale. Ndiyo maana Land Rover Defender za zamani zinatafutwa huko kwa bei ya kutisha. Sasa njoo kwetu. Kenya gari la mtumba likizidi miaka minane haliingii. Tanzania linaingia, lakini likiwa limezeeka unalipia ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Kwao uzee ni pasipoti, kwetu ni kosa. Sisemi sheria zetu ni mbaya, moshi tunaovuta barabarani unatosha kuzitetea. Nasema tu kwamba mzee akiangalia hayo mambo mawili kwa pamoja, ana haki ya kuomba kahawa nyingine.

Na msidhani wale wa ranchi wamejaliwa upendo wa pekee. Wamejaliwa ukavu. Gari likiachwa Texas ya magharibi chini ya mti miaka 40, rangi itababuka, panya watajenga kwenye kiti, ila bati litakuwepo. Hapa Dar es Salaam upepo wa bahari una chumvi. Acha Bedford yako Kigamboni misimu michache ya mvua uone kama utakuta sakafu ya kuwekea mguu.

Lakini chumvi si adui mkubwa, na hapa ndipo mimi na kijiwe tulipotofautiana. Kijiwe kinawasonya Wamarekani kwa kuwa na lori lisilobeba. Mimi nawasonya wenzangu. Lori la kwetu halipewi nafasi ya kuzeeka. Injini ikifa, linatiwa injini ya Isuzu. Giaboksi ikifa, ya Fuso inachongewa mahali. Bodi ikioza, mbao. Siku chesisi inapokatika kabisa, ekseli inakuwa tela la trekta, springi inakuwa mapanga, na kinachobaki kinauzwa kwa kilo, kinayeyushwa, kinatoka nondo. Kuna Bedford nyingi mjini humu, wanangu. Zimo ndani ya nguzo za maghorofa.

"Si ndiyo kazi?" akasema utingo. "Limebeba mpaka kifo, na likifa linabeba ghorofa."

Nikamwambia mzee, wewe ndiye wa mwisho kusema hivyo. Maana mzee huyu alianza utingo akiwa kijana mdogo kwenye safari ya Zambia, na ile haikuwa safari ya kawaida. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake Rhodesia, na Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilikuwa vikipita kusini, humohumo Rhodesia, ikajikuta imebanwa koo. Mojawapo ya njia zilizobaki ilikuwa Dar es Salaam. Lori lolote lililoweza kusimama kwa magurudumu yake likapakiwa mapipa ya mafuta kwenda, na shaba kurudi. Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Mbeya, Tunduma. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Watu waliiita Njia ya Jehanamu, na hawakuwa wakitania. Zikaja Fiat za Kiitaliano za kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 mpaka Ndola, lilipoanza kupitisha mafuta mwaka 1968, mapipa yakapungua. Halafu TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa mwaka 1976.

Mzee anaijua Kitonga kwa miguu. Kazi ya utingo mlimani haikuwa kukaa ndani. Alitembea nyuma ya lori, amebeba gogo, na kila gari likisita analitupa nyuma ya tairi. Dereva akikosa gia na gogo likachelewa, kuna familia ilikuwa inapata habari. Haya, mzee, nikamuuliza, kati ya malori yote yaliyopita pale, moja liko wapi nikamwonyeshe mjukuu? Treni zina jumba lao la makumbusho Nairobi, zimesimama kwa heshima. Makumbusho ya Taifa hapa Dar yametunza magari ya viongozi, Rolls-Royce ikiwamo. Lori la pipa na shaba mimi sijalikuta, wala picha ya utingo na gogo lake.

Kimya kidogo, kisha kila mtu akasema kwa pamoja. Muuza kahawa akasema serikali. Dogo akasema wafadhili. Fundi akasema, taratibu, kwamba kuna kiwanda cha matofali anakokwenda kutengeneza pampu, na uani kwao kuna Bedford TJ, umbo lililotoka mwaka 1958, pua mbele, limewekwa tangi la maji mgongoni. Injini siyo yake. Chesisi ni yake, kabini ni yake, na vitasa vya milango vipo vyote viwili. Tajiri wake anataka kuliuza.

"Kilo ngapi?" akauliza dogo, tayari kafungua kikokotoo. Alisonywa na kijiwe kizima, akafunga.

Basi tukakaa kupanga, kama watu wenye pesa. Tangi lishushwe. Mapipa yawekwe, matatu yanatosha. Gogo mzee atalichonga mwenyewe, na hataki lipakwe vanishi. Maandishi ya nyuma yarudishwe kama yalivyokuwa. Ikabaki rangi. Utingo anasema malori ya Bedford ya msafara wao yalikuwa ya bluu. Fundi, ambaye baba yake aliyatengeneza, anasema kijani kibichi, na anaapa. Picha hakuna, tajiri wa wakati ule hayupo, kitabu cha usajili nani ajuaye kiliko. Dogo kapendekeza lipakwe nusu kwa nusu. Mpaka naondoka kwenda kuswali alasiri walikuwa bado kwenye bluu na kijani, na drafti imelala.