Mwacheni Fundi Wangu

Wanaomsema vibaya fundi wangu wa hapa Kampala hawana shukrani. Volkswagen yangu ya mgongo wa kobe, ndugu wa ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, ilikuwa ikivuja oili tone moja moja penye mirija ya pushrodi. Sili mpya za nini? Akapaka silikoni nyekundu, nene kama siagi ya harusini. Sasa inavuja pande tatu, kwa haki, bila upendeleo. Injini hubeba lita 2.5 tu, nyingine inanywewa na mashimo ya barabarani, nayo yana kiu. Juzi, kwa huruma, akanidai hela ya kuzibua rejeta. Injini hii hupozwa kwa upepo, rejeta haina. Lakini fundi gani mwingine huona mbali hivyo? Ijumaa tunaendelea. Nimeshanunua karai la pili.