Tundu la Mtandao Halipimwi

Wapo wanaodai kwamba ofisi ya umma hapa Magwagwa, Nyamira, inahitaji kile kidude cha kupimia nyaya za mtandao. Unachomeka ncha moja huku, nyingine kule, taa zinawaka kwa zamu kuanzia 1 hadi 8, na isiyowaka inataja uzi uliokatika. Wakaidi zaidi wanataka na plagi ya kurudisha ishara, inayounganisha pini ya 1 na ya 3, ya 2 na ya 6, ili tundu la kompyuta lijisemeze na kujijibu lenyewe.

Haraka ya nini? Sisi tuna utaratibu. Kwanza kompyuta inapigwa kofi la upole. Kisha kebo inachomolewa, inapulizwa, inarudishwa. Ikishindikana, mvua inapewa lawama, na Nyamira, Mungu ashukuriwe, hainyimwi mvua. Hatimaye linakuja gari la maafisa kulitazama tundu kwa macho, posho zikiwa zimeshasainiwa. Hata mgonjwa wa moyo haitiwi jopo kama hilo.

Kidude kingetamka "uzi wa 3" mbele ya wananchi, bila kikao, bila kumbukumbu, bila chai. Hakina hata adabu ya kusema "rudi kesho." Ni kweli mizani ya majani chai hukaguliwa na kupigwa muhuri, lakini yale ni majani, hii ni mitambo ya serikali.

Nasikia kompyuta mpya zinaagizwa. Hizi tulizonazo zina ubovu gani? Hakuna ajuaye, na hiyo ni sababu tosha ya kuziagiza.