Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano: Mkwezi wa Tiwi Apewe Leseni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

KUH: UHURU WA KUCHAGUA INTANETI YA NYUMBANI

Mheshimiwa,

Wakazi wa Tiwi, Kaunti ya Kwale, wanakupa hongera. Tangu Starlink ianze kuuza huduma zake za setilaiti nchini Julai 2023, Mkenya anaambiwa kila kukicha kwamba sasa ana uhuru wa kujichagulia: faiba, rauta ya laini ya simu, au dishi la setilaiti. Tiwi imeupokea uhuru huo kwa mikono miwili. Kilichobaki ni kujua umewekwa wapi.

Faiba kwanza. Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kugusa bei. Anayelipa shilingi 2,999 kwa mwezi akapanda kutoka Mbps 10 hadi 15, na anayelipa 12,499 akaruka kutoka 100 hadi 500. Tiwi ililisoma tangazo hilo kwa furaha, kama mtu anayesimuliwa pilau ya harusi ambayo hakualikwa. Faiba ya huku hupenda lami. Nyumba ikiwa kando ya barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, mwenyewe ana matumaini. Ikiwa ndani kuelekea baharini, au upande wa pili mashambani, jibu la watoa huduma, wakubwa kwa wadogo, huwa moja: tuma lokesheni, tutakupigia. Yupo mkazi aliyetuma lokesheni mara nyingi hadi akaulizwa kama kiwanja kinauzwa.

Kilomita chache kusini, Diani, mbega wamejengewa madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Ni kazi njema ya shirika la Colobus Conservation, na hakuna mwenye wivu na mbega. Wakazi wanauliza tu kama fomu ya kuomba faiba ivuke barabara ni ile ile.

Kinachochekesha zaidi kiko baharini. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuwa Mombasa kuupokea mkongo wa intaneti wa TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah huko Ghuba, safari ya kilomita zinazokaribia 5,000. SEACOM ikafuata mwezi uliofuata, EASSy mwaka 2010, na mingine baadaye. Kutoka Mombasa hadi Tiwi ni kivuko cha Likoni na kama kilomita 20 za lami. Mkongo umekata bahari nzima bila kulalamika, ukafika Likoni ukasita. Pengine hakuna aliyeuambia kwamba feri ile, anayevuka kwa miguu halipi.

Basi mkazi akainua macho juu. Setilaiti za Starlink huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, si kama zile za zamani zilizoko karibu kilomita 36,000, ambazo ukizungumza kwa video mwenzako hukujibu swali la juzi. Kwa hesabu hiyo, Mheshimiwa, anga iko mbali na Tiwi kuliko Likoni mara nyingi, na bado ndiyo iliyowahi kufika.

Lakini anga ya Tiwi ina wenyewe. Programu ya Starlink humtaka mteja asimame uani, ainue simu na kuizungusha polepole ili kamera iione anga yote. Kinachoziba huchorwa kwa rangi nyekundu. Nairobi, nyekundu hiyo ni ghorofa la jirani. Tiwi ni minazi: mmoja kaskazini, miwili mashariki, na ule mrefu uliopandwa na babu, wenye warithi saba, mmoja wao yuko Muscat na hapokei simu. Kuukata kunataka kikao cha ukoo. Kuupunguza makuti kunamtaka mkwezi.

Mkwezi huja na panga kiunoni, hupanda kwa vile vidato vilivyokatwa kwenye shina, hufyeka upande aliooneshwa, kisha hushuka na kutoa ripoti ya kiufundi: "Sasa litaona. Lakini mwezi ujao kuti jingine litatoka, mtaniita." Mnazi hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na hauombi kibali cha Mamlaka. Ndiyo maana wakazi wanapendekeza mkwezi apewe leseni ya kuendesha miundombinu ya mawasiliano, daraja la kwanza.

Kuna na mengine ambayo vipeperushi havisemi. Paa la makuti halishiki skrubu, kwa hiyo dishi hutaka mlingoti wa chuma, na hewa ya chumvi huula mlingoti huo kwa subira. Dishi la kawaida hutumia wati 75 hadi 100, lile dogo 25 hadi 40. Stima ikipotea, bila betri au sola, setilaiti zitapita juu ya nyumba yenye giza.

Sasa pesa. Agosti 2024 Starlink ilianza kukodisha vifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na huduma isiyo na kikomo ilikuwa 6,500. Jumla ni 8,450. Kwa mwenye nyumba za wageni ufukweni hiyo ni gharama ya biashara. Kwa mwalimu wa shule ya msingi ni kodi ya nyumba. Palikuwa pia na GB 50 kwa shilingi 1,300. Filamu ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo familia inayopenda filamu hununua saa 17 hivi. Mwezi una saa zaidi ya 700.

Rauta ya laini nayo haikosi sifa: haihitaji mlingoti wala mkwezi. Inahitaji tu majirani wote walale kwanza.

Mheshimiwa, ofisi yako haikukaa kimya. Julai 2024 Safaricom iliiandikia ikipinga kampuni za setilaiti kupewa leseni zao wenyewe. Ilitaka zifanye kazi chini ya mitandao ya hapa nchini. Kisha Mamlaka ikapendekeza ada ya leseni ya setilaiti ipande kutoka dola 12,500 hadi 115,000. Tiwi ilielewa papo hapo. Ada kama hiyo haibaki Waiyaki Way. Huteremka taratibu hadi kwenye bili ya mwenye dishi uani.

Katikati ya hayo, Novemba 2024, Starlink yenyewe ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu nafasi zilijaa. Hapo ndipo kejeli inamshinda hata mwandishi. Nairobi, yenye faiba mitaa kwa mitaa, ndiyo iliyoimaliza na anga yake. Uhuru wa kuchagua umempa chaguo la tatu aliyekuwa na mawili tayari.

Kampuni za mawasiliano hulipa asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi ya mwaka kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao Mamlaka ndiyo inayousimamia. Wakazi wanaomba sehemu ya fedha hizo inunue zile mita zinazobaki kati ya lami na shule, zahanati na nyumba za Tiwi. Ramani ya faiba itolewe kijiji kwa kijiji, maana ukisema Kwale imefikiwa, Diani hujibu kwa niaba ya wote. Na ada za setilaiti zikijadiliwa tena, kikao cha maoni ya umma kifanyike Tiwi, saa mbili usiku, kila mtu akiwa mtandaoni. Maoni yapokelewe kwa karatasi.