Skauti wa Bweni: Mambo Tisa, Tukihesabu Kushuka

Mwanafunzi wa bweni huamshwa kwa kengele, hupangwa mstari, huhesabiwa, hula kwa zamu na kulala kwa amri. Halafu wapo wale ambao, wakipewa mchana mmoja wa kupumua, huenda kujiandikisha kwa hiari yao ili wapangwe mstari tena na kuhesabiwa tena, safari hii juani na soksi zimefika magotini. Hao ndio maskauti. Wenzao wana majina mengine ya kuwaita, ila ukurasa huu husomwa na watoto.

Nimeyapanga mambo yao tisa kuanzia dogo kuja kubwa. Asiyeridhika na mpangilio ana haki ya kuandika wake, akimaliza prepo.

9. Sare inayopigwa pasi na mgongo

Kaptula ya kaki lazima iwe na mstari. Pasi ya bweni ni moja, na mwenye nayo ni kidato cha sita. Basi kaptula hukunjwa ikiwa na unyevunyevu, hutandazwa chini ya godoro, na mwenyewe hulala juu yake chali hadi alfajiri bila kujigeuza. Asubuhi kwenye paredi utawatambua bila kuuliza: kaptula zimenyooka, shingo haziwezi.

8. Mluzi

Sheria za skauti zilipotoka mwaka 1908 zilikuwa tisa. Ya kumi, ya usafi wa mawazo, maneno na matendo, iliongezwa mwaka 1911. Ya nane ndiyo yenye matatizo. Inamtaka skauti atabasamu na kupiga mluzi hata akiwa taabuni. Aliyeitunga hakuwahi kukaa prepo ya saa mbili usiku mbele ya mwalimu wa nidhamu. Wala hakulelewa na bibi wa pwani, maana angeshaambiwa kwamba mluzi wa usiku huita nyoka. Kwa hiyo skauti wa bweni hutabasamu tu. Na hilo nalo humponza: “Unacheka nini wewe?”

7. Mafundo

Skauti mmoja anatosha kufunga kamba za kuanikia nguo na vyandarua vya bweni zima. Kufungua humshinda hata yeye.

6. Kengele dhidi ya pembe

Katika kambi ya kwanza kabisa ya skauti, Agosti 1907, kwenye kisiwa cha Brownsea kusini mwa Uingereza, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwaamsha vijana kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa Afrika. Sisi wenye tandala wetu tunaamshwa na rimu ya lori iliyoning’inizwa mwembeni, ikipigwa kwa nondo na mtu ambaye dhahiri hana rafiki. Pembe imekwenda kwao, rimu imekuja kwetu. Biashara ya aina hii tunaifahamu tangu zamani.

5. Alama za njia

Skauti hufundishwa kusoma alama zinazochorwa chini kwa fimbo au kupangwa kwa mawe: mshale maana yake pita hapa, msalaba maana yake usipite. Halafu kuna duara lenye nukta katikati: nimekwenda nyumbani. Alama hiyo ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell huko Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 8, 1941.

Katika mafunzo yote ya skauti, hii ndiyo alama ambayo njuka huishika mara moja, bila marudio. Wiki ya kwanza ya muhula utaikuta imechorwa ukutani, juu ya meza na kwenye jalada la daftari la hesabu. Wazazi, msiogope. Mtoto hajafa, anawataka tu.

4. Skafu, yaani ruhusa ya geti

Tuseme ukweli uliojificha chini ya kiapo. Nusu ya wanaojiunga hawakuja kwa ajili ya sheria kumi. Walimwona skauti mmoja akipita getini saa nne asubuhi, siku ya masomo, mlinzi akimpigia saluti, na wakaelewa kila kitu.

Nchi hii haijui kumpokea mgeni bila skafu. Awe mkuu wa wilaya, awe waziri, lazima kijana wa skauti asogee kwa hatua za kijeshi, amvishe, apige saluti ya vidole vitatu, arudi nyuma bila kujikwaa. Mwenge wa Uhuru ukipita, maskauti wapo. Kuna siku ya kupanda miti, wapo. Februari 22, aliyozaliwa Baden-Powell (1857) na pia mkewe Olave (1889), wapo kwa maandamano. Mimi naona hawa wawili walikuwa na huruma kwa watoto wa bweni: wangeweza kuzaliwa Desemba, katikati ya likizo, ruhusa ikapotea bure.

Mabweni ya wasichana yasidhani hili ni la wavulana. Septemba 1909 maskauti wa Uingereza walikusanyika Crystal Palace, London, na wakajitokeza wasichana waliovaa kiskauti. Hakuna aliyewaalika. Walifika tu, wakasema nao ni maskauti. Mwaka uliofuata ikabidi waundiwe chama chao cha Girl Guides, chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Kwa hiyo dada zetu wakiulizwa getini nani kawapa ruhusa, wana historia ya kujibu, japo mlinzi hatakuwa na muda wa kuisikiliza.

3. Msosi wa kambini

Bwaloni mambo ni rahisi. Maharage yakiwa na wadudu, wa kulaumiwa anajulikana, na lawama hizo ndizo kitoweo chenyewe. Kambini kitoweo hiki hakipo. Mpishi ni wewe. Kuni mbichi ulizileta wewe. Mafiga yaliyopinda uliyaweka wewe, ukihimizwa na wenzako ambao sasa hawakumbuki kuhimiza.

Usiku wa kwanza hupikwa mkate wa kijiti: unga wa ngano, chumvi na maji, unazungushia kwenye kijiti kibichi na kukigeuza juu ya makaa. Nje unakuwa mkaa, ndani unabaki uji. Halafu watu wanaula wote, wanagombania kijiti, na wanaapa kwamba hawajawahi kula kitu kitamu hivyo. Jumapili jioni wanarudi bwaloni, wanapewa ugali ulioiva pande zote, wanaanza upya: “Hiki nacho ni chakula?”

2. Patroli, au kiranja asiye na fimbo

Hapa naomba utani upungue kidogo, kisha tutaendelea.

Bweni lina serikali yake. Juu yuko mwalimu wa zamu, chini yake kiranja mkuu, chini yake kiranja wa bweni, na chini kabisa, karibu na deki, yuko njuka. Amri hushuka, hakuna kinachopanda isipokuwa malalamiko, nayo hayafiki. Mtoto anaweza kumaliza miaka minne akiwa ameongozwa kila saa na hajaongoza hata foleni ya maji.

Skauti huligeuza hilo kwa kitu kidogo kinachoitwa patroli: vijana sita hadi wanane, mmoja wao kiongozi, na kazi halisi mikononi mwao. Wazo hilo lina mizizi Afrika Kusini. Mji wa Mafeking ulipozingirwa vitani, mwaka 1899 hadi 1900, wavulana wa pale walipewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe, wakiongozwa na mvulana mwenzao, Warner Goodyear. Baden-Powell, aliyekuwa mkuu wa ngome, aliona kwamba mtoto akiaminiwa jambo kubwa hulifanya. Miaka saba baadaye, kule Brownsea, akagawa vijana wake katika patroli nne: Fahali, Sululu, Mbwamwitu na Kunguru. Waliokuwemo ni watoto wa shule za bweni za gharama na watoto wa wafanyakazi wa mjini, wamechanganywa hema moja, katika nchi ambayo vinginevyo wasingekutana hata mlangoni.

Kiongozi wa patroli hana fimbo na hana uwezo wa kumfanya mtu apige deki. Akiamuru kwa sauti ya kiranja, wenzake hukaa chini, na hema halijisimamishi. Inambidi ashike kamba mwenyewe, aombe, abembeleze, acheke. Nimewaona viranja wakali wakishindwa kazi hii kabisa, na kijana mpole wa kidato cha pili akiiweza. Julius Nyerere naye alivutiwa na skauti akiwa mwanafunzi wa bweni. Sisemi patroli ndiyo iliyomfanya Rais. Nasema shule inayotafuta kiranja ingeanza kutafuta kwenye hema, iache kutafuta kwenye urefu wa mtu.

Basi, utani uendelee. Hapa kwetu kila patroli inataka kuitwa Simba. Hakuna anayetaka Kunguru, hasa Dar es Salaam, ambako kunguru huingia hadi jikoni.

1. Chimbuko lake ni utoro

Hili walimu wa nidhamu wasilisome.

Baden-Powell mwenyewe alikuwa mtoto wa bweni. Aliingia Charterhouse mwaka 1870 kwa ufadhili wa masomo, na mwaka 1872 shule hiyo ikahama London kwenda Godalming, mashambani. Pembeni ya shule mpya palikuwa na kichaka, na wanafunzi walikatazwa kuingia humo. Mnajua kilichofuata.

Alikuwa akijipenyeza humo peke yake, akitega sungura, akiwachuna na kuwapika kwa moto mdogo usiotoa moshi. Moto usio na moshi! Leo hilo ni somo la heshima kwenye mafunzo ya skauti, lina mtihani na mkufunzi. Wakati ule sababu ilikuwa moja: moshi ukionekana, mwalimu anakuja. Kunyata bila kuvunja kijiti, kusoma nyayo, kukaa kimya kama gogo, yote hayo aliyajifunza akimkwepa mwalimu wa zamu. Baadaye jeshi likamlipa mshahara kwa ujuzi huohuo, na leo mamilioni ya vijana duniani huufanyia mazoezi kwa kibali cha maandishi kutoka kwa mkuu wa shule.

Alipokaribia kukamatwa alipanda mti, maana alikuwa amegundua kwamba mwalimu anayesaka watoto ni nadra kuangalia juu.

Mwalimu wa zamu ambaye umesoma hadi hapa licha ya kukatazwa: ile miembe nyuma ya bwalo, jioni ya leo, inua kichwa. Nanyi mlioko juu, nimewapa muda wa kutosha kushuka.