Shajara ya Gari la Miaka Mitatu

Jumamosi

Gari halikuwaka asubuhi. Baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri na betri ilikuwa imekufa. Jirani alikuja na nyaya zake tukaliwasha, lakini hakuipenda sauti ya injini. Mchana fundi amelikagua. Giaboksi imechoka, na kuitengeneza kutagharimu zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Hapa Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, hakuna basi la kunifikisha kazini kwa saa ninazoingia zamu. Lazima gari lipatikane mwezi huu.

Shemeji ananishauri nichukue lizi: gari jipya, unalilipia miaka mitatu, kisha unalirudisha. Wakenya wengi tunaofanya nao kazi katika nyumba za wazee hapa Minnesota wamefanya hivyo, na wachache wanaweza kukueleza walikubaliana bei gani. Nimenunua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jumapili

Baada ya ibada nimepita kwenye yadi za magari zilizo njiani. Zote zimefungwa, kwa sababu sheria ya Minnesota inakataza kuuza magari Jumapili. Hakuna siku bora ya kwenda yadi kuliko hii, maana unasoma kwa utulivu bila mtu kukufuata. Niliteleza kwenye barafu katikati ya magari mawili, koti la kanisani likaloa matope ya chumvi, nikainuka nikaendelea kusoma.

Kila gari jipya linalouzwa Marekani lina karatasi dirishani inayotaja bei iliyopendekezwa na kiwanda, vifaa vilivyomo na gharama ya kulisafirisha. Sheria ya mwaka 1958 ndiyo inayoilazimisha, na karatasi hiyo inaitwa kwa jina la seneta Mike Monroney wa Oklahoma, aliyeisimamia. Lakini kando yake nimekuta karatasi ya pili, iliyobandikwa na yadi: naitrojeni kwenye matairi dola 199, namba ya gari kuchorwa kwenye vioo dola 299, dawa ya kulinda rangi dola 599. Hizo ni dola 1,097 ambazo kiwanda hakikuziomba. Nimeandika bei za karatasi zote mbili, kila moja kwenye ukurasa wake. Gari lililonipendeza, bei ya kiwanda ni dola 30,000.

Jumatatu

Tangazo la yadi moja linasema dola 299 kwa mwezi. Nilipofika, muuzaji akaniambia gari la tangazo limeondoka asubuhi hiyohiyo. Nikamwomba anionyeshe maandishi madogo ya chini. Wakati wa kutia saini unatoa dola 3,999, na bei hiyo ni ya mtu ambaye tayari ana lizi ya kampuni hiyohiyo. Ukizigawa hizo 3,999 kwa miezi 36 unapata dola 111 kwa mwezi. Kwa hiyo ile 299 ni 410, hata kabla ya kodi.

Akauliza, "Ungependa kulipa ngapi kwa mwezi?" Nikamwambia naomba kwanza bei ya gari. Akarudia swali lake kwa maneno mengine. Kisha akachukua karatasi, akaigawa visanduku vinne kwa kalamu nene: gari unaloacha, bei ya gari jipya, pesa ya kuanzia, malipo ya mwezi. Kisanduku cha mwezi alikijaza kwa tarakimu kubwa: 477. Kile cha bei ya gari alikiacha kitupu. Nilimwonyesha kidole pale palipo wazi. Akasema atamwuliza meneja, akaenda, akarudi, na pale pakabaki wazi.

Ufunguo wa gari langu waliuchukua ili walikadirie thamani. Nilipotaka kuondoka, ufunguo haukuonekana. Nilikaa kwenye kiti karibu na mashine ya kahawa kwa muda mrefu, watu wakipita wakiniambia unatafutwa. Ulipatikana kwenye meza ya mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Nimechelewa kazini na kuchelewa kwangu kumeandikwa. Tangu leo, ufunguo wa gari langu hautoki mkononi mwangu kabla bei haijaandikwa.

Jumanne

Katika mapumziko ya usiku nilimweleza Mama. Tunamwita Mama sote wa zamu hii, kwa umri wake na kwa vile alivyotulea tulipofika. Alifundisha hesabu Kisii miaka mingi kabla ya kuja Marekani.

"Mwanangu, hilo swali la mwezi usilijibu," aliniambia. "Mwezi ni jibu, si swali. Lete karatasi."

Karatasi iliyokuwa karibu ni orodha ya chakula cha wazee ya juma lililopita. Akaigeuza nyuma, akaanza kuandika, herufi zake zimenyooka kama za ubaoni.

Kwanza, bei mliyokubaliana. Pili, thamani baki, yaani ile ambayo benki inakadiria gari litakuwa nayo siku ya kulirudisha. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa miezi 36. Hayo ni malipo ya kuchakaa kwa gari. Tatu, riba, ambayo kwenye lizi haitajwi kwa asilimia. Wana namba ndogo wanayoiita mani fakta, mfano 0.0025. Izidishe kwa 2,400 upate asilimia ya mwaka: 6. Kupata riba ya mwezi, jumlisha bei na thamani baki, kisha zidisha kwa ile namba ndogo.

Tukalipitia gari ninalolitaka. Thamani baki ni asilimia 60 ya bei ya kiwanda, yaani dola 18,000. Mama akajaribu bei kamili ya 30,000 na namba ya 0.0030. Kuchakaa 333.33, riba 144. Jumla 477.33. Akaweka kalamu chini.

"Umeona? Hakukupunguzia hata senti, na riba si ajabu imepandishwa. Benki ikimpa yadi namba, yadi ina ruhusa ya kuiongeza na kula tofauti."

Akaandika upya: bei 28,800, namba 0.0025. Kuchakaa 300, riba 117. Jumla 417. Gari ni lilelile, muda ni uleule, na tofauti kwa miezi 36 ni zaidi ya dola 2,100. Hiyo ni karo ya mtoto nyumbani. Kengele ya chumba ikalia tukaenda. Karatasi nimeibandika kwenye daftari hili.

Jumatano

Nimeandikia yadi kadhaa barua pepe moja fupi. Gari ni hili, miezi 36, maili 15,000 kwa mwaka. Nahitaji bei ya gari, thamani baki, mani fakta na ada zote, kwa maandishi. Tafadhali msinipigie simu.

Wamenipigia simu. Mmoja alipiga nikiwa namwogesha bibi mmoja, ambaye aliushika mkono wangu akaniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Mwingine ameandika, "Njoo tuzungumze, hutajuta," bila namba hata moja. Jioni yadi moja imejibu kila nilichouliza, mistari mifupi, namba tupu. Bei 28,800. Mani fakta 0.0025. Thamani baki asilimia 57, kwa sababu ya maili.

Hilo la maili limenichukua jioni yote. Kwenda na kurudi kazini ni maili 44 kwa siku. Kwa mwaka ni kama 11,000, na bado sijahesabu soko, kanisa, wala safari za Duluth kumwona dada. Lizi nyingi zinazotangazwa ni za maili 10,000. Kila maili ya ziada hapa inatozwa senti 25. Mtu mwenye mkataba wa 10,000 akiendesha 15,000, baada ya miaka mitatu atadaiwa dola 3,750 siku anapokabidhi ufunguo. Ukizinunua maili hizo mwanzoni, thamani baki inashuka hadi 17,100, na malipo yanapanda kutoka 417 hadi 439.75. Nyongeza hiyo kwa miezi 36 ni dola 819. Nimejumlisha tena na tena, na jibu ni lilelile.

Alhamisi

Nimekwenda kwenye yadi iliyojibu. Muuzaji alikuwa kijana mpole, na bei ilikuwa ileile ya barua pepe. Kazi ilikuwa ofisi ya fedha, ambako mkataba unachapishwa.

Karani wa fedha alianza kwa kunisomea bima na huduma za ziada. Ya kwanza ilikuwa ya pengo: gari likiharibika kabisa, bima ya kawaida hulipa thamani yake ya soko, na unaweza kubaki unadaiwa zaidi ya hiyo. Ni kinga ya maana. Aliitaka dola 895. Nikaomba kuona mkataba kwanza, na kwenye ukurasa wa pili ikaonekana kinga hiyo imo tayari, kama ilivyo katika lizi nyingi. Akaiondoa. Halafu naitrojeni, dola 199, ilikuwa imeingizwa bila kutajwa. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na matairi yalikuwa yamejaa. Nayo akaifuta.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 kuhusu lizi za watumiaji inalinda mambo mengi. Mkataba lazima uonyeshe bei ya gari, thamani baki, jumla ya riba kwa dola, na gharama za mwisho. Asilimia ya riba sheria hailazimishi itajwe. Kwa hiyo nilifanya kama Mama alivyonielekeza. Jumla ya riba iliandikwa dola 4,131. Nikagawa kwa 36, nikapata 114.75. Bei na thamani baki kwa pamoja ni 45,900. Nikagawa tena, nikapata 0.0025. Karani alisubiri kimya nikimaliza. Ada ya benki ya kuanzisha mkataba dola 695, ada ya kulirudisha gari dola 395. Zote zilikuwa kwenye barua pepe.

Kisha nikafika kisanduku cha maili. Malipo yalikuwa 439.75, sawasawa. Maili ziliandikwa 10,000. Nilikuwa naelekea kulipia maili 15,000 na kupewa 10,000.

Karani akasema ni kosa la kuchapa, nitie saini, watasahihisha baadaye. Nikamwambia nitangoja hapa hapa mkataba uliosahihishwa. Printa ikakwama. Akaifungua, akatoa karatasi iliyokunjamana, akaifunga, ikakwama tena. Akaenda kutumia ya chumba kingine. Nimeiona 15,000 kwa macho yangu, nikatia saini, nje giza limeshaingia.

Ijumaa

Kazini mwenzangu mmoja ameniambia nisiwe na wasiwasi, eti sheria inampa kila mtu siku tatu za kurudisha gari akibadili mawazo. Wengi wetu tunaamini hivyo. Kanuni ya siku tatu ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ipo, lakini ni kwa mauzo yanayofanyika mlangoni kwako au mahali pasipo duka la muuzaji. Ukitia saini ndani ya yadi, haikuhusu. Muda wako wa kufikiri ni kabla ya saini, na hakuna anayeweza kuufupisha usipokubali.

Nimekwenda kulichukua gari. Tangi lilikuwa robo, ingawa niliahidiwa litajazwa. Ufunguo ulikuwa mmoja. Wa pili wanasema utafika kwa posta. Mazulia ya nyuma hayakuwamo. Sikuondoka kwa maneno matupu. Kuna fomu ambayo yadi hujaza kuonyesha inachodaiwa na mteja, nami nimeomba ijazwe: mafuta, ufunguo, mazulia, tarehe, saini ya meneja. Ahadi iliyo kwenye fomu hiyo hata meneja mpya atailipa.

Jumatatu

Ufunguo wa pili haujafika. Nimewapigia, nimewasomea fomu, wameahidi Alhamisi. Nimeandika jina la niliyezungumza naye.

Usiku mwenzangu yule wa siku tatu ameleta mkataba wake mwenyewe. Alichukua lizi mwaka juzi. Tumeusoma pamoja na Mama. Maili 10,000 kwa mwaka, senti 25 kila inayozidi, naye anaishi mbali kuliko mimi na tayari amevuka kiwango cha miaka yote mitatu. Hakuna aliyemwuliza anaendesha umbali gani. Alikuwa na mwezi mmoja tangu afike nchini, na aliulizwa swali moja tu, anataka kulipa ngapi kwa mwezi. Linaniuma, kwa sababu mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahudumia wazee wa watu anastahili kuambiwa bei ya kitu anachonunua.

Mama akaendelea kufungua kurasa hadi akapata kifungu cha kununua. Mkataba unamruhusu kulinunua gari mwishoni kwa bei iliyokwisha kuandikwa humo. Akilinunua, kwa mkataba wake, ada ya maili zilizozidi haimgusi, wala ile ya kurudisha gari. Kesho atatafuta bei ya soko ya gari kama hilo, lenye maili kama hizo, alinganishe na iliyomo kwenye mkataba. Pia ataiuliza benki yake ya akiba na mikopo riba ya kulikopea, kabla yadi haijamtajia ya kwao.

Nimenakili hesabu ya Mama kwa mkono safi na kuibandika kwenye ubao wa chumba cha mapumziko: bei, thamani baki, mani fakta, maili, ada. Chini yake nimeandika kwamba yeyote anayekwenda yadi aniambie siku moja kabla, nitaenda naye.