Mabingwa wa Ladha Isiyokuwepo

Hadi mwaka 2020, kanuni za Marekani zilitaka vodka iwe pombe isiyo na ladha, harufu wala rangi ya kuitambulisha. Sasa keti baa yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi Ijumaa jioni, umsikilize bingwa akifafanua kwa nini hagusi vodka ile, ni hii tu. Ile inakwaruza koo. Hii ina ladha laini. Kisha anaijaza Sprite na barafu hadi ukingoni, anafumba macho na kuonja kama mwonja chai wa mnada wa Mombasa. Tofauti ni kwamba mwonja chai hutema. Mshahara ukikata, utamkuta na Konyagi, nayo eti ni laini vilevile.

Watu wa jini hawataki mzaha huo. Wao wana juniperi, wana harufu, na zaidi ya yote wana afya: jini hunywewa na toniki, toniki ina kwinini, na kwinini hutibu malaria. Hoja tamu. Ila sheria za Marekani haziruhusu toniki kuzidi takriban miligramu 83 za kwinini kwa lita, ilhali dozi ya mtu mzima hukaribia gramu 2 kwa siku. Mgonjwa wetu atahitaji zaidi ya lita 20 kila siku, na jini ya kusindikizia. Malaria itaondoka, pamoja na ini. Chandarua ni nafuu, wala hakihitaji ndimu.